Vifuniko Vitano kwa Bomba

Keti karibu, na usiogope kwamba humu ndani kuna hesabu. Nitakwenda polepole. Mahali nitakapoharakisha ni pale ambapo hata mimi sipendi kukaa.

Kwanza nikueleze kifuniko. Katika kijiji chetu, upande wa Sapiwi, kila aliyelima pamba alijua kifuniko ni nini. Miaka yote ambayo ushirika ulikuwa peke yake katika kununua pamba na kuleta dawa, dawa ya funza ilikuja katika chupa ya aina moja, yenye kifuniko chekundu, kifupi. Bwana shamba alipita akasema, "Vifuniko vitatu kwa bomba," na watu wakaweka vitatu. Bomba ni lile la kubeba mgongoni, la lita kumi na tano. Hakuna aliyeuliza kifuniko kinachukua kiasi gani, kama ambavyo hakuna aliyeuliza ukubwa wa debe. Kulikuwa na sharti moja tu, na lilishikwa kama mwiko: dawa hupimwa kwa kifuniko chake. Ukipima dawa hii kwa kifuniko cha chupa nyingine, watu walisema, umezigombanisha dawa, na shamba litalipa.

Halafu soko likafunguliwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa kidato cha tatu, nikisoma bweni pale Bariadi mjini. Wanunuzi binafsi wakaja na magari yao, na maduka ya dawa yakafunguka Dutwa, Kasoli na stendi ya Bariadi. Bwana shamba hakuonekana tena. Chupa zikaja za kila rangi, zimeandikwa Kiingereza, na kipimo chake kimetolewa kwa hekta. Sikuwahi kumsikia mtu kijijini kwetu akisema ana hekta.

Mwalimu wetu wa kemia aliposema kila kundi litafute mradi wa sayansi kutoka nyumbani, mimi na mwenzangu mmoja wa Kasoli hatukufikiri mara mbili. Tungetengeneza jedwali ambalo mkulima angelitazama na kujua aweke vifuniko vingapi vya dawa mpya. Mwalimu alilipenda wazo hilo. Alitupeleka dukani stendi, tukanakili maandishi ya chupa ikiwa nyuma ya wavu, maana mwenye duka hakutaka wanafunzi waishike. Kifuniko tulikiona. Hatukukitazama.

Sasa nifuate hapa. Chupa ilisema nusu lita kwa hekta, yaani mililita mia tano. Hekta ni mita za mraba elfu kumi. Kitabu chetu cha hesabu kilisema eka ni mita za mraba elfu nne na arobaini na saba. Ukienda na kitabu, eka moja itataka mililita mia mbili na mbili hivi. Mwenzangu alishaanza kuliandika jibu hilo nilipomshika mkono.

"Eka ya nani hiyo?" nikamuuliza.

"Ya kitabu."

"Eka ya kwenu Kasoli inapimwaje?"

Akacheka. "Mita sabini kwa sabini."

Na sabini mara sabini ni elfu nne na mia tisa, karibu nusu ya hekta kamili. Eka ya kitabu ni ndogo kuliko eka yetu. Tulipomweleza mwalimu alitupongeza mbele ya darasa zima, na kwa wiki nzima mwenzangu akawa ananiita profesa. Ninakueleza hili ili ujue kwamba hatukuwa wazembe. Tulikuwa tumeuona mtego mmoja na kuuruka, tukaamini njia iliyobaki ni safi.

Nusu ya hekta itataka mililita mia mbili na hamsini. Tulipulizia maji matupu kwenye eka moja ya shamba la shule, yakaisha mabomba matano. Mia mbili na hamsini ukigawanya kwa tano unapata hamsini kwa kila bomba. Stoo ya shule ilikuwa na chupa ya zamani ya ushirika. Tukajaza kifuniko chake maji, tukamimina katika silinda ya kupimia, maji yakasimama kwenye kumi. Hamsini kwa kumi ni tano. Tukaandika kwa wino mweusi kwenye karatasi ya manila, herufi kubwa: VIFUNIKO VITANO KWA BOMBA.

Mama alikuwa ameshanunua dawa ile mpya, na alikuwa amenitumia salamu kuuliza aweke vingapi. Hakusoma sana. Basi nilichukua karatasi ya daftari nikachora bomba, na kando yake miduara mitano. Nikampa jirani yetu aliyekuja mjini siku ya gulio. Majibu yalirudi kwa mdomo wa kondakta wa basi la Dutwa: karatasi imefika, mama anashukuru, atapulizia Jumamosi, kwa sababu bomba la jirani linazunguka nyumba kwa nyumba na zamu yake ni siku hiyo.

Maonyesho yalipangwa Ijumaa. Alhamisi mchana mwenzangu akaenda stendi na mwalimu kununua gundi, akarudi na chupa tupu ya dawa mpya aliyoiokota nyuma ya duka. Alitaka tuiweke mezani ili meza ipendeze. Aliisafisha, akaisimamisha kando ya ile ya ushirika, kisha kwa mchezo akachukua kifuniko cha chupa mpya akakiweka juu ya cha zamani. Kikashuka hadi mezani, kikakimeza kile chekundu chote.

"Tazama," akasema, "baba amemvalisha mtoto kofia yake."

Sikucheka. Nilikijaza maji nikamimina katika silinda. Maji yakapanda yakapita kumi, yakapita ishirini, yakasimama kwenye ishirini na tano. Nikarudia. Ishirini na tano.

Mama angeweka vitano. Tano mara ishirini na tano ni mia na ishirini na tano, mahali pa hamsini. Na asingeweza kutumia kifuniko cha zamani hata kama alikuwa nacho, kwa sababu ya ule mwiko. Angepulizia peku, kama alivyopulizia siku zote, na kanga amejifunga mdomoni.

Nilimkimbilia mwalimu ofisini. Alikuwa mtu mwema, naomba umkumbuke hivyo. Alikuja, akapima mwenyewe.

"Hesabu yenu ni sahihi," akasema mwishoni.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini mama atapulizia keshokutwa."

"Manila nyingine hakuna, na saa hizi duka la vifaa limeshafungwa. Kesho mgeni rasmi akija, mtataja mililita kwa mdomo. Habari ya kifuniko msiiguse."

"Naomba ruhusa niende nyumbani."

"Ruhusa haiko mkononi mwangu. Nenda kwa madamu."

Madamu alikuwa makamu wa mkuu wa shule. Alikuwa anahesabu viti vya wageni ukumbini. Nilimweleza yote, hekta, eka, bomba na kifuniko, na nadhani nilieleza vizuri, kwa sababu alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama yako anaumwa?" akauliza.

"Bado, madamu."

"Kuna msiba?"

"Hapana."

"Ruhusa ya kutoka shuleni ni ya ugonjwa au msiba. Na kesho kuna mgeni. Nikikuruhusu wewe kwa ajili ya kifuniko, mwenzako atakuja kuomba kwa ajili ya sufuria."

Ningeweza kusema anaumwa. Neno lilinifika mdomoni. Lakini mimi nimekulia katika nyumba ambayo mtu hasemi fulani anaumwa wakati hajaugua, maana ukishalisema umelifungulia mlango. Nilikuwa nimeshasoma vijidudu na seli, nilikuwa nacheka mambo hayo bwenini na wenzangu, na bado sikuweza. Nikasema asante madamu, nikatoka.

Shule yetu ilizungukwa na ua wa minyaa, mnene, mrefu kunipita. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni hulioni jua kwa siku kadhaa. Lango lilikuwa moja, na mlinzi alikuwa mtu wa kwetu aliyenijua kwa sura. Jioni ile nilikwenda nikasimama karibu naye.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Mimi mwenyewe naomba ruhusa kwenda kununua tumbaku."

Simu haikuwapo kijijini. Basi la Dutwa lilikuwa limeshaondoka, na halingerudi mjini hadi Jumatatu. Nilirudi bwenini nikajilaza nimevaa viatu. Mwenzangu alikaa kwenye ncha ya kitanda changu.

"Profesa," akasema, "labda mama yako ataona kifuniko ni kikubwa, atapunguza."

"Hatapunguza."

"Unajuaje?"

"Karatasi nimeiandika mimi."

Ijumaa walikuja wazazi wengi, wengine kwa baiskeli kutoka Dutwa, na mgeni rasmi akaja saa nne akiwa na suti ya kaki. Tulisimama mbele ya jedwali letu, mimi kulia, mwenzangu kushoto. Mwalimu alikuwa nyuma ya wageni. Nilianza kueleza, nikafika kwenye eka ya sabini kwa sabini, watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilisema mililita hamsini kwa bomba kama nilivyoagizwa. Nilikuwa karibu kumaliza.

Kando ya mlango kulikuwa na mzee mmoja, kofia ameishika kwapani. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama manila, na kwa kalamu ya wino alikuwa ananakili nyuma ya pakiti yake ya sigara. Hakuandika mililita. Alichora miduara. Nilimwona anachora wa nne.

"Baba, usiandike hiyo," nikasema.

Akainua macho. "Si imeandikwa pale?"

"Imeandikwa. Imekosewa."

Mgeni rasmi akanigeukia. "Kwa hiyo jedwali lenu ni la uongo?"

"Hesabu ni sahihi, mheshimiwa. Kifuniko ndicho kimebadilika."

Sikumtazama mwalimu. Nilichukua vile vifuniko viwili, kwa sababu nilijua jambo hili halielezeki kwa mdomo, lazima lionekane. Ndipo nikaona mkono ukiweka silinda mezani mbele yangu na jagi la maji kando yake. Ulikuwa mkono wa mwalimu. Akarudi mahali pake.

Nikamimina kile chekundu, nikasoma kwa sauti: kumi. Nikamimina kile kipya: ishirini na tano. Yule mzee alisogea hadi mezani, akakitia kidole gumba ndani ya kifuniko kipya, akakizungusha.

"Kumbe soko huria limeingia hadi kwenye vifuniko," akasema, na ukumbi mzima ukacheka, hata mheshimiwa.

Walipotawanyika jioni nilimfuata mzee yule nje. Nilimtajia jina la baba, akalijua. Walikuwa wamewahi kuchunga pamoja. Nikamwomba apite nyumbani amwambie mama aweke viwili, si vitano.

"Nitapita kesho alfajiri," akasema.

"Leo, baba. Tafadhali."

"Leo giza litanikuta njiani, na baiskeli hii haina breki wala taa. Kesho alfajiri, mwanangu. Kabla jua halijawa kali nitakuwa kwa mama yako."

Nilirudi ndani ya ua wa minyaa. Jumamosi tulifyeka nyasi uwanjani. Kila nilipoinuka kunyoosha mgongo nilitazama jua lilipo nikawaza: sasa anachota maji, sasa anafungua chupa, sasa anahesabu. Niliwaza baiskeli imepata pancha, nikawaza mzee amelala. Fyekeo lilikuwa mkononi mwangu na majani yalikuwa mbele yangu, na hakuna kitu kingine duniani nilichoweza kukifanya. Jumapili ikapita hivyohivyo. Watu husema kungoja ni kukaa. Si kukaa hata kidogo. Nilichoka kuliko siku yoyote ya kulima.

Jumatatu asubuhi niliitwa ofisini. Madamu alikuwa ameshika kikaratasi kilicholetwa na kondakta.

"Mama yako anaumwa," akasema. Hakunitazama. "Siku tatu zinakutosha?"

Hakuna aliyeniuliza swali la pili. Mlinzi alifungua lango kabla sijafika.

Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, macho mekundu, amejifunika shuka ingawa kulikuwa na joto. Nilipiga goti nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Umeniletea karatasi nyingine?"

Akanivuta mkono nikae chini.

Akanisimulia. Zamu ya bomba ilikuwa imewahi, akaanza kabla jua halijatoka. Bomba la kwanza alilimaliza. La pili alifika katikati, akaona mistari ya pamba inatembea, mate yakamjaa mdomoni, miguu ikakataa. Yule mzee wa maonyesho alimkuta ameketi kwenye mtaro, bomba bado mgongoni, linavuja. Alilikata mikanda kwa kisu, akammwagia ndoo zote za maji zilizobaki, akamwita jirani ambaye ni mwanamke amvue nguo na kumwosha vizuri kwa sabuni, kisha wakampakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Daktari aliwaambia wamewahi.

"Hukusikia harufu imezidi?" nikamuuliza.

"Niliisikia kwenye kifuniko cha pili."

"Mbona hukuacha, mayu?"

"Karatasi ilisema vitano. Ilikuwa ya kwako."

Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Nililia. Aliniacha nilie kidogo, kisha akasema basi, inatosha, nenda kachukue ile sindano ya ng'ombe ya baba yako iliyochakaa, imo ndani ya kikapu kilichotundikwa ukutani. Baba alikuwa mbugani na mifugo, na sindano yake ya chanjo, ile kubwa, ilikuwa na mistari ya mililita iliyochorwa ubavuni. Sikuwahi kuifikiria. Miaka yote kipimo cha mililita kilikuwa kinaning'inia ndani ya nyumba yetu.

Nilivuta maji hadi mstari wa hamsini, nikaweka kifuniko cha chupa mpya mbele yake, nikakijaza, nikamwaga, nikakijaza tena. Mara ya pili maji yakaisha sawasawa na ukingo.

"Kumbe viwili," akasema mama.

"Viwili."

Akakitazama kifuniko. "Na mwakani wakileta chupa nyingine, yenye kofia nyingine?"

Nilikuwa tayari kumchorea miduara miwili. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaiweka chini. Nikamwambia ashike sindano mwenyewe, avute maji mwenyewe, ahesabu mistari mwenyewe, nami nikakaa kimya kando yake. Alikosea mara mbili, mara ya tatu akapata, akarudia hadi akawa hakosei tena. Siku tatu zile zote tulifanya hivyo, asubuhi na jioni. Pamba ya bomba la kwanza iliungua majani, iliyobaki ilipona, na tangu msimu ule mama hakuweka dawa yoyote bila kuipimia kwanza maji. Alikataa karatasi za kila mtu, na za kwangu pia.

Macho yake hayakurudi kuwa kama zamani. Jua la mchana lilimchoma hadi uzeeni.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi, na ni jambo la dakika tano. Ukinunua dawa inayopimwa kwa kifuniko, kabla ya kuchanganya chochote, osha kifuniko chake, kijaze maji safi, mimina katika chupa tupu ya nusu lita, na uhesabu ni vingapi mpaka ijae. Gawanya mia tano kwa hesabu hiyo. Jibu ndilo mililita za kifuniko chako. Liandike juu yake kwa wino usiofutika, kisha itoboe chupa uliyopimia ili mtu asije kuinywea maji.